Ua la Pembe ya Kulia

3 Machi

Shikamoo Baba,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na Mama pia, na goti lake limeacha kumsumbua. Mimi huku sijambo. Juzi bosi wa hapa kituo cha televisheni aliniita ofisini akaniambia nimethibitishwa kazini, mimi sasa ni mtu wa kudumu. Nilitoka natembea kifua mbele mpaka mlinzi wa getini akaniuliza kama nimechumbiwa.

Baba, nina ombi, na naomba usikunje uso kabla hujamaliza kusoma. Nataka muweke televisheni ya dishi nyumbani. Televisheni yenyewe nimeshainunua, nitaituma kwa basi. Kilichobaki ni king'amuzi na dishi lake. Usikubali ile antena ya kuchomeka dirishani. Mtu wa dukani atakusifia kwamba haina usumbufu, lakini chaneli yetu haimo. Chukua la dishi, kifurushi cha kawaida kinatosha, ila kabla hujalipa mwambie akuonyeshe chaneli yetu kwa macho yako pale pale dukani.

Najua utasema televisheni ya nini kwa mtu asiyesikia. Tangu ile homa ikuzibe masikio nikiwa darasa la pili, hujawahi kukaa mbele ya televisheni ukamaliza kipindi. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote. Bado nakuomba. Kuna kitu nataka ukione. Kinaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano, kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Usiniulize ni nini.

Binti yako

*

14 Machi

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Barua nimeipata. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama, mara ya pili ilibidi nikae. Mama yako ananiambia nikujibu kwa meseji, maana ni haraka. Meseji siandiki. Meseji ni kama kubisha hodi halafu ukakimbia. Mimi nina penseli ya useremala na karatasi, na nina mengi ya kusema.

Kwanza hongera ya kuthibitishwa. Nilijua. Mtoto wa Randa hawezi kukaa mahali wakamwona wa kubahatisha. Nimepita na barua yako karakana zote za mtaa huu, na waliojifanya wana kazi nimewasubiri mpaka wakamaliza.

Pili, wewe unadhani umenificha kitu. Masikio yangu ndiyo yamekufa, akili iko pale pale. Taarifa ya habari ya saa mbili. Usiniulize ni nini. Haya, siulizi. Nasema tu kwamba kwenye taarifa ya habari kuna mtu mmoja anakaa mbele ya meza anawasomea watu, na mtu huyo lazima awe na sura nzuri na asiwe na woga, na mimi namjua mtu wa namna hiyo, nimemlea mwenyewe. Usihangaike kuhusu masikio yangu. Mradi usigeuze kichwa ovyo na usimung'unye maneno, nitakusoma midomo neno kwa neno, kama ninavyowasoma wateja wangu mpaka wengine hawajui kama sisikii.

Kinyozi, yule jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, amenishauri nichukue king'amuzi kama cha kwake kwa sababu kina mpira. Nikamuuliza, mpira unaletwa na mtoto wako? Nimekwenda dukani mwenyewe. Muuzaji alinipigia porojo za antena kama ulivyosema, nikamtazama mdomo mpaka alipochoka, kisha nikamwonyesha kidole kwenye dishi. Chaneli yenu nimeiona kwa macho yangu. Ilikuwa inaonyesha namna ya kupanda vitunguu.

Baba yako,
Randa

*

29 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia hapa kiwandani juu ya meza ya kukatia sare, wenzangu wamekwenda kula. Ningekupigia simu, lakini mchana simu zetu zinafungiwa kwa msimamizi, na nyumbani siwezi. Unajua baba yako. Nikizungumza na simu ananitazama mdomo, hata nikigeukia ukutani anazunguka kuja upande wa pili.

Mambo yamekuwa makubwa huku. Baba yako ameutangazia mtaa mzima kwamba utasoma taarifa ya habari. Muuza mkaa anajua. Mwalimu mkuu anajua. Kinyozi naye anasema ataamini siku atakapoona, na wamewekeana dau: ukitokea, Kinyozi atamnyoa bure mpaka uzeeni, na usipotokea baba yako atamtengenezea benchi jipya la wateja. Televisheni ilipofika kwa basi aliibeba kichwani kutoka kituoni, akapita njia ndefu ili watu waione.

Mwanangu, mwambie ukweli. Mimi uliniambia tangu mwaka jana kwamba kazi yako si kusoma habari ila kuzitafsiri kwa lugha ya alama, kwa ajili ya watu kama yeye. Nikalia kwa furaha. Lakini yeye anajua ni televisheni tu, hajui ni mikono. Na wewe unaijua shida yake na mikono. Ndani ya nyumba, mlango umefungwa, mtaongea kwa vidole mpaka taa izimwe. Nje hataki. Sijasahau ile siku sokoni ulipomwonyesha kwa mikono kwamba chenji imepungua, akaishusha mikono yako mbele ya watu, akakwambia uongee kwa mdomo kama watoto wengine. Ulikuwa mdogo lakini niliona uso wako.

Sasa atakaa na mtaa mzima, amejipiga kifua, halafu akuone pale. Sijui atafanya nini. Mwambie mapema.

Mama yako

*

9 Aprili

Shikamoo Mama,

Nimekuelewa na nimelifikiria sana. Sitamwambia, na nakuomba na wewe usimwambie.

Nikimwambia kwa barua atakuwa na nafasi ya kukataa. Ataniandikia kurasa tatu za sababu, na mimi nikishasoma sababu za Baba mkono wangu utakuwa mzito siku ile ya kwanza mbele ya kamera. Nataka aone kwanza. Akishaona, aseme atakalo. Mimi lugha hii nilijifunza kwa ajili yake, Mama. Kila jioni nilikuwa napita shule ya viziwi narudi na maneno mapya mkononi, namfundisha kwenye kile kitanda cha kamba, na alikuwa mwanafunzi hodari. Sasa watu wanaponilipa kwa kazi hiyo, yeye ndiye mtu ambaye naogopa anione. Inaniuma na siwezi kuificha kwako.

Kama akiona haya, nitajua. Kama asipoona haya, nitajua pia. Hilo tu ndilo ninalolitaka.

Mwanao

*

26 Aprili

Mama yangu mdogo,

Tayari. Dishi liko juu, picha iko safi, na mtu aliyelifunga amepata adabu.

Alikuja kijana mmoja wa kampuni, kwenye fulana wamemwandika Fundi Mawimbi. Alipanda ngazi na drili yake kutaka kutoboa ukuta chini ya paa langu. Paa lile nimeliezeka kwa mikono yangu na halijawahi kuvuja. Nikaishika ile ngazi nikamwambia ashuke mwenyewe au nimshushe. Akasema bila kutoboa hakuna picha. Nikamwambia anipe mpaka kesho. Nikamtengenezea nguzo ya mbao ngumu uani, nimeichimbia chini kupita goti, nimeikaza kwa zege, na juu nimeifunga kofia ya bati isiingie maji. Aliporudi aliisukuma kwa bega. Akaisukuma tena. Kisha akaomba nimtengenezee nyingine kwa mteja wake mwingine.

Kulitafuta wimbi ndiko kulikonipendeza. Yeye ana kidude kinacholia, anakisikiliza huku anazungusha dishi. Mimi nilikaa ndani natazama kile kipimo kwenye kioo, kijistari kinachopanda na kushuka. Alikuwa akipiga kelele nje, "Bado? Bado?" nami simsikii, mama yako ndiye aliyekuwa akikimbia mlangoni. Mwishowe nikatoka nikaushika mkono wake pamoja na dishi lenyewe, tukasogeza kidogo tu, upana wa ukucha, nikarudi ndani kipimo kimejaa. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nimetumia maisha yangu yote kusawazisha vitu.

Lakini kazi yenyewe hujaiona. Nimeitengenezea televisheni yako kabati. Mbao nilikuwa nimeziweka tangu ulipozaliwa, nikisema ni za kitanda chako cha ndoa, na kwa kuwa huonyeshi dalili nimezitumia. Kabati lina fremu inayokumbatia kioo pande zote, na kwenye kila pembe nimechonga ua, limekunjua petali zake likaingia juu ya kioo upana wa kiganja. Usihofu kwamba litaziba. Nimechunguza kwa Kinyozi wiki nzima: kwenye pembe za televisheni hamna la maana, ni saa tu na ule mchoro wa kampuni. Mambo yote yako katikati, na katikati ndipo utakapokaa wewe.

Viti nimeazima kanisani na msikitini, sikutaka kumnyima mtu thawabu. Kaa vizuri, usigeuze kichwa.

Baba yako,
Randa

*

7 Mei

Binti yangu,

Hukuwepo.

Nimetazama taarifa yote, kuanzia ule mduara wa dunia unaozunguka mpaka hali ya hewa. Alisoma mwanamume mwenye tai nyekundu. Nilidhani atakupisha. Nilimtazama mdomo wake mpaka macho yakaniuma, kama atataja jina lako, hakutaja. Watu walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Mwalimu mkuu alikuja na koti.

Ilipokwisha hakuna aliyecheka, ningependa wangecheka. Walisimama mmoja mmoja wakabeba viti. Kinyozi alinipiga begani akasema nisihangaike na benchi. Nimelianza leo asubuhi. Neno langu ni neno langu.

Na lile dishi nalo si zima. Muda wote wa taarifa ile, pembe ya chini mkono wa kulia, pembezoni mwa ua, kulikuwa na kitu kinachezacheza, kinatokeza na kujificha, kama ncha za vidole. Nimemwita Fundi Mawimbi aje aangalie wimbi lake.

Sikulaumu. Ofisi za watu zina mambo, labda walikuondoa dakika za mwisho. Ila ungeniambia. Mama yako ananitazama kama mtu anayetaka kusema kitu, na nikimtazama mdomo anaufunga.

Baba

*

16 Mei

Shikamoo Baba,

Nilikuwepo.

Usimsumbue Fundi Mawimbi, dishi lako ni zima na hakuna lililofungwa vizuri kuliko hilo. Zile ncha za vidole ni zangu. Niko nyuma ya ua lako, pembe ya chini mkono wa kulia, na nilikuwa pale tangu mduara wa dunia mpaka hali ya hewa.

Mama alinipigia kesho yake, kaazima simu ya mlinzi wa kiwandani, analia akidhani nimefukuzwa kazi. Nikamuuliza hili na lile, ndipo akanieleza kabati. Baba, nilicheka mpaka nikakaa chini koridoni, halafu nikalia. Mama akasema ndiyo basi, Mungu ameniokoa, niseme waliniondoa na mambo yaishe. Ningeweza. Ua lako lingenificha miaka na miaka. Lakini wewe unatengeneza benchi la dau ambalo hukushindwa, na mimi siwezi kukaa na hilo.

Kazi yangu ni hii. Yule mwenye tai nyekundu anasoma, mimi nasimama kwenye kiboksi pembeni na kila anachosema nakisema kwa mikono, kwa lugha ile ile tuliyokuwa tukisemezana kwenye kitanda cha kamba. Waliomba kazi hii watu wengi, wengine wana vyeti kunishinda. Tulifanyiwa majaribio, na waamuzi walikuwa viziwi watupu. Walinichagua mimi. Mzee mmoja kati yao aliniuliza nani alinifundisha kusema polepole namna ile, bila kutupa maneno. Nikamwambia nilikuwa nasema na baba yangu, na baba yangu asipoelewa anakasirika.

Najua hupendi mikono hadharani. Naikumbuka siku ya sokoni, wala sikukumbushi ili nikuumize. Nilitaka kukwambia tu kwamba mimi sioni haya, Baba. Najivunia. Kila jioni saa mbili naisimamisha mikono hii mbele ya nchi nzima, na kabla sijaanza najitambulisha kwa jina. Viziwi hawaniiti kwa herufi, kila mtu ana jina lake la mkono, na jina hilo huwezi kujipa, lazima ulipewe na kiziwi. La kwangu ni kidole shavuni, kwenye kishimo, kikazungushwa mara moja. Ulinipa wewe nikiwa darasa la pili, ulipokuwa umelazwa na sauti yangu imekupotea. Sijalibadilisha.

Kabati ni lako na ua ni lako. Ukiliacha lilivyo, nitaelewa, na likizo nitakuja kama kawaida nikae chini ya paa lako lisilovuja. Nimekwambia nilipo, basi.

Binti yako

*

30 Mei

Mama yangu mdogo,

Barua yako ilikaa mfuko wa shati mpaka ikanuka jasho. Sikukujibu haraka kwa sababu nilikuwa na kazi.

Nililitoa lile ua Jumamosi. Mama yako alishika mdomo alipoona nimeleta msumeno, akasema nifungue fremu yote nitengeneze nyingine nyembamba. Sikutaka. Maua matatu yapo pale pale, na pembe ya chini mkono wa kulia iko wazi, nimeipiga msasa na kuipaka vanishi. Anayeingia ndani kitu cha kwanza anachouliza ni kwa nini fundi mzima ameacha kabati na pembe moja tupu. Nami ndicho ninachotaka waulize.

Jioni hiyo nilikutazama peke yangu na mama yako. Ukatokea. Umevaa nguo nyeusi, umekonda, unakula kweli? Kisha ukapandisha kidole shavuni ukakizungusha. Mwanangu, jina lile nilikupa kitandani hospitali, nikidhani litakaa kati yetu wawili mpaka nife. Nililia na sikufuta uso. Mama yako ni shahidi.

Jumatatu nikawaita wote tena. Walikuja kwa huruma, nilisoma huruma kwenye nyuso zao tangu mlangoni. Kinyozi alileta na lile benchi nililomtengenezea akalikalia mbele. Mduara wa dunia ulipoanza kuzunguka, nikachukua rimoti nikazima sauti. Wakaanza kunung'unika, niliona midomo. Nikasimama kando ya kabati, nikawaambia, "Binti yangu yule pale pembeni. Leo habari mtazipata kwangu." Nasikia huwa naongea kwa sauti kubwa. Safi, mpaka wa dirishani walisikia.

Na nikawasomea. Daraja lililobomoka, mgomo wa madaktari, bei ya mbolea, waziri amekwenda ng'ambo. Kila kitu ulichosema nilikisema. Kinyozi hakuamini, akatoka mbio kwenda dukani kwake kufungulia redio, maana taarifa ni ile ile. Akarudi nayo sikioni akasimama mlangoni. Nikamsoma mdomo akimwambia mwalimu mkuu, "Neno kwa neno."

Kuna kosa moja lazima nikwambie. Neno "bajeti" ulilipitia haraka, ukatupa kidole cha mwisho, na mwenye macho mabovu asingelipata. Lirekebishe. Yaliyobaki ni kazi ya kiwango cha juu, hata mimi nisingetia patasi.

Dau nimeshinda. Nimenyolewa leo bure, na benchi nimemwachia, mtu asiseme Randa alimdhulumu jirani. Wakati ananinyoa alinitazama kwenye kioo akaniuliza na yeye jina lake la mkono litakuwa nani. Nikafikiri, nikampa: kiganja kikipita juu ya kichwa kilicho uchi, kwa sababu anawanyoa wengine na yeye hana nywele. Akacheka mpaka wembe ukasimama. Sasa kila asubuhi nikifungua karakana namwita ng'ambo ya barabara kwa jina hilo, mikono juu, katikati ya watu na baiskeli na magari, naye ananiita kwa langu, randa ikipita kwenye ubao. Sokoni pia nimekwenda. Muuza nyanya alinipunguzia chenji, nikamwambia kwa mikono, wakanitazama wote, nikaisema tena polepole ili wajifunze.

Ua nimelitia humu kwenye kifurushi. Liweke mezani kwako huko studio. Wakikuuliza ni la nini, waambie lilikuwa limekaa mahali pako.

Baba yako,
ambaye jina lake la mkono unalo